Barua kwa mwanangu: kuhusu ule mpira

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mkwe wangu akubali kuwekewa mpira wa kulishia tumboni, maana mionzi ya kutibu saratani imefika wiki ya tatu na mdomo wote ni vidonda. Kabla sijafika huko, niambie: anameza? Hata funda moja la maji? Koo ni njia, na njia isiyopitwa huota majani.

Unakumbuka nilivyoukataa mpira wangu, mkanibembeleza nyumba nzima. Wiki ya nne ya mionzi yangu kila kitu kilikuwa na ladha ya chuma na mate yamenata kama gundi. Marehemu mama yako akaniletea uji uliopoa, ameuchuja mara mbili, ametia maziwa na siagi. Nikausukuma. Ukammwagikia mapajani. Hakusema neno. Alijifuta, akarudi jikoni, nikasikia mwiko ukikoroga upya. Mlio ule wa mwiko ninao masikioni hadi leo.

Kilo zikashuka, kinyago cha mionzi, kile kinachoshika kichwa kisitikisike, kikaanza kucheza usoni, ikabidi nitengenezewe kingine. Kwa hiyo siwezi kukwambia ukaidi wangu ulikuwa ushujaa. Lakini mpira nao, mtu akishauzoea huweza kuacha kabisa kumeza, na misuli ya koo ikilala, kuiamsha ni kazi nzito. Ndiyo maana nasema koo ni njia. Ila asiye na nguvu ataipitaje njia hiyo? Hapo najipinga mwenyewe, na usiku mzima nimejipinga hivyo hivyo.

Niliyochelewa kujua ni haya: dawa ya maumivu inywewe kama nusu saa kabla ya kula, siyo baada ya kushindwa. Asukutue kwa maji ya chumvi isiyo kali. Ale kidogo kidogo, mara nyingi, ameketi wima. Akipaliwa kila anywapo, msinyamaze, kinywaji kinaweza kuwa kinaingia mapafuni. Mwambieni mtaalamu wa kumeza. Na hata akiwekewa mpira, huyo mtaalamu akiona ni salama, asiache kumeza mafunda machache kila siku.

Kubali au kataa sitasema, ingawa moyo unanisukuma niseme. Mdomo ni wake, na mizani anayo daktari. Jumatatu akitoka kwenye mionzi, muulize kama kinyago bado kinambana mashavu, kisha uniandikie jioni hiyo hiyo.

Baba yako