"Mjomba, si urudi basi?"

Mwanangu, umenichokoza: kila simu mjomba ni Tanga, Tanga, kwa nini harudi? Haya, nakujibu bila kificho.

Hapa Leicester, Uingereza, nahudumia wazee. Nawaogesha, nawalisha, usiku nawageuza kitandani. Ndiko huko kubeba maboksi mnakokusikia, ila boksi langu linaongea na likiamka vibaya linanitukana. Desemba natoka giza narudi giza, maana kabla ya saa kumi jioni jua limeshazama. Tanga hunijia humo ndani ya basi. Haiji bahari ya Raskazone. Zinakuja barabara za Ngamiani, nazihesabu kituo kwa kituo: ya 9, ya 10, ya 11, na kwenye ya 12 nashuka. Huku jirani yangu wa ukuta mmoja namjua kwa kikohozi chake tu. Kule ukifanya utundu barabara ya 7, habari inafika ya 12 kabla yako, na bakora iko mlangoni.

Sasa sikia lisilopendeza. Nilipokuja likizo, bodaboda alinitajia nauli ya mgeni. Nikambishia kwa Kiswahili cha kwetu, akacheka: "Mzee, umekaa sana nje." Mama yako naye akanitolea sahani za kabatini. Mbaazi za nazi na mahamri, vyote kama zamani, lakini mimi nilitaka bakuli la bati. Wiki ya tatu, Mungu anisamehe, nikaanza kukitamani kitanda changu cha Leicester. Ndio ule msemo wa Tanga: waja leo waondoka leo. Sikujua nami nimo.

Wewe huniita Mwingereza. Je, mkonge? Kwao Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 kupitia Florida, ikafika hai 62 tu, na leo ndiyo sifa ya Tanga. Hakuna anayeuambia urudi kwao.

Na pesa, tusifichane. Kiwanja cha Pongwe kina msingi tu, majani yamenipita urefu. Nikirudi kesho, chuo utalipiwa na nani?

Ada nimetuma jana. Ukienda kuitoa, pitia barabara ya 12 saa ya magharibi, unipigie video. Usinionyeshe uso wako, naujua. Geuza simu, utembee polepole.