Kwenda kongamano Lushoto na watoto watatu na hema la kukodi

Wapendwa, salamu kutoka Moshi. Tangu turudi Lushoto kina mama wa jumuiya yetu hawaachi kuniuliza, mlilala wapi, mafuta yalikula kiasi gani, watoto hawakuumwa, na lile kongamano lenyewe lilikuwa na faida au ni maneno tu, nikaona badala ya kumjibu kila mtu kwa voisi ndefu ndefu niandike hapa, maana likizo ya Juni ikikaribia wapo watakaotaka kwenda na familia zao na mimi sipendi wapitie tulipopitia sisi.

Kwanza mjue lilikuwa kongamano la wazazi Wakristo wanaofundisha watoto nyumbani, Alhamisi mpaka Jumapili. Sisi watoto wetu wanasoma shule ya msingi hapa hapa kama watoto wengine, ila jioni na likizo yote tunakaa nao wenyewe, Neno la Mungu, kusoma, hesabu. Pale tulikutana na familia ambazo watoto hawaendi shule kabisa, wengi ni wa kutoka Kenya na wamisionari. Na hapa naomba nikusihi, usirudi na moto wa kongamano ukamtoa mtoto shule Jumatatu. Kwetu Tanzania Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mtoto aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie, na mtihani wa darasa la 4 na la 7 anasajiliwa kupitia shule. Nenda kaongee na mwalimu mkuu, nenda kwa afisa elimu kata, uliza, ndipo uamue. Nyumbani kuna saa nyingi sana za kufundisha hata kama mtoto anaenda shule.

Sasa jambo ambalo nalishukuru kuliko yote tulilifanya kabla hata ya kupakia gari. Baba Watoto alisema tusiende kama watu wanaoenda sherehe, tuandike swali moja tu ambalo tukirudi bila jibu lake tutakuwa tumepoteza nauli. Tulikaa usiku ule hatukubishana hata kidogo, wote tulijua. Mtoto wetu wa kati, wa kiume, ana miaka 9, hasomi. Yaani herufi anazijua, silabi anazijua, ba be bi bo bu anakuimbia, lakini mpe sentensi atakwama, atatoka jasho, ataomba kwenda chooni. Dada yake akiwa na miaka 6 alikuwa anasoma Biblia kwenye ibada ya nyumbani. Nimelia kwa ajili ya huyu mtoto jamani, nimeomba, nimefunga, na kuna siku nimempandishia sauti mpaka nikajichukia. Basi nikaandika kwenye karatasi, "Tumsaidieje asome?", nikaikunja nikaiweka kwenye Biblia yangu. Na wewe andika la kwako. Kongamano lina mambo mengi mno, bila swali utarudi na begi limejaa karatasi na kichwa kinauma.

Hema sasa. Kama unakaa Moshi au Arusha usikimbilie kununua jipya, sisi tunaishi chini ya mlima, vifaa vya kulalia porini vimejaa mjini, wanaopandisha wageni wanakodisha hema, slipingi begi, magodoro ya kutandika chini, na ukipita soko la Memorial siku ukiwa na bahati unapata hema la mtumba zima kabisa. Sisi tulikodi. Kosa letu ni kwamba tulilichukua likiwa limefungwa kwenye mfuko wake tukalipakia hivyo hivyo, tumefika Lushoto saa 10 jioni wingu limetanda ndio tunagundua fimbo moja haipo na vigingi ni 5 tu. Ni kijana wa familia jirani aliyetukatia mti tukaufunga kwa kamba. Kwa hiyo lisimamishe nyumbani uani siku mbili kabla, walaze watoto humo usiku mmoja, mwagia maji na ndoo uone linavujia wapi. Utajua kila kitu ukiwa bado karibu na aliyekukodishia.

Barabara ni kama kilomita 250. Tulitoka saa 12 asubuhi na Noah yetu, Himo, Mwanga, Same, milima ya Pare iko mkono wa kushoto muda wote, lami ni nzuri na hapo ndipo hatari ilipo, mabasi ya Dar yanapita kwa kasi na wewe unatamani kuyafuata. Usifuate. Kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki wenye tochi za kupima mwendo wapo, lakini zaidi ya faini fikiria mbuzi na watoto wa watu wanaovuka. Sisi tulisimama Same kunywa chai. Hapo ndipo ule, nasema tena, kula Same. Sisi chai tulikunywa haraka haraka tukasema tutakula vizuri Mombo, tukafika Mombo tukala chapati na maziwa na mayai, halafu tukaanza kupanda. Mwenzangu, kutoka Mombo kwenda Soni ni kona juu ya kona, upande mmoja jabali upande mmoja korongo, hatujafika hata nusu kitinda mimba katapika, dada yake akaona naye akafuata. Sasa mifuko ya plastiki si imepigwa marufuku tangu Juni 2019, hamna tena kale ka mfuko ka dharura, nilikuwa sina chombo chochote nikatumia kanga yangu. Beba kindoo kidogo chenye mfuniko, kiweke miguuni si kwenye buti. Mombo wape maji na kipande cha tangawizi cha kutafuna basi, anayetapika haraka akae mbele, dirisha wazi, na asishike simu wala kitabu mpaka mmefika.

Na dereva apige honi kwenye kona, barabara ni nyembamba na mabasi yanashuka. Siku ya kurudi mkishuka weka gia nzito toka juu kabisa, usiishikilie breki kilomita zote zile. Sisi tulisikia harufu ya breki tukiwa katikati ya mteremko, tukapaki pembeni penye nafasi tukasubiri zipoe karibu nusu saa, tukiomba kimya kimya.

Ile njia ni darasa, msiwape watoto katuni waangalie. Kumbukumbu la Torati 6:7, pale tunapoambiwa tuwafundishe watoto Neno, inataja kuketi nyumbani na kutembea njiani pia, na mimi miaka yote nilikuwa naishia kwenye kuketi. Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge Baba Watoto akawaambia mkonge si wa kwetu, asili yake ni Mexico, mwaka 1893 Mjerumani mmoja Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida na iliyofika huku hai ilikuwa 62 tu, haya niambieni ilikufa mingapi. Dada mtu 938 fasta. Yule wa kati akanyamaza, halafu baadaye sana akauliza, "Baba, hii yote ilitoka kwenye ile 62?" Nikageuka nikamwangalia. Swali lile lilikuwa kubwa kuliko jibu la dada yake, na mimi nilikuwa sijawahi kumhesabia maswali, nilikuwa namhesabia makosa.

Baridi ya Lushoto msiichukulie poa. Mji uko kama mita 1,400 juu na mwezi wa 6 usiku ni baridi kweli. Baridi kubwa inatoka chini si juu, kwa hiyo tandika turubai, mkeka, godoro, blanketi moja liende chini ya mtoto kabla ya kumfunika. Mdogo wangu ni mgumu, yaani mpagazi, anabeba mizigo ya wageni mlimani, alinifundisha kujaza chupa maji ya moto, unaifunga vizuri unaivalisha soksi unamwekea mtoto miguuni, walilala mpaka asubuhi. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema hata kama limebakia majivu, wala usiku mmoja, ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Kupika tulipika nje na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, maharage nilishayachemsha nyumbani, uji wa lishe asubuhi, mboga mboga Lushoto zimejaa, kabichi, karoti, na watoto walikula mapeasi mpaka nikawazuia. Hema weka sehemu iliyoinuka. Sisi tulichagua bondeni kwa sababu pana nyasi laini, usiku wa pili mvua ikanyesha maji yakapita chini yetu kama mto, saa 8 usiku tumehamia kwenye gari wote watano.

Kuhusu vipindi vya kongamano sitasema mengi. Vilikuwa vinaenda vitatu kwa wakati mmoja, tukagawana, mmoja anaingia mmoja anabaki na watoto, jioni tunasimuliana. Meza ya vitabu ipite siku ya kwanza bila pochi. Vingi ni vya Kiingereza vya kutoka Marekani, vizuri, bei kubwa, na mtoto anayehangaika na Kiswahili hatasaidiwa na kitabu cha kuhesabu theluji. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, anzia huko. Na Jumamosi mchana toroka kipindi kimoja uwapeleke watoto kutembea, nenda Irente mtazame tambarare kule chini, au msitu wa Magamba muone mbega weusi wenye mikia myeupe. Binti yangu ameandika insha nzima juu ya lile ua dogo la zambarau linalofugwa kwenye vyungu duniani kote, kwao ni milima hii hii ya Usambara, mwaka 1893 likapewa jina Saintpaulia kwa sababu ya Mjerumani Saint Paul-Illaire aliyelipeleka kwao, na Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara.

Jibu letu hatukulipata kwenye ukumbi. Jumapili alfajiri nilikuwa bombani nasuuza sufuria, akaja mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Kenya, amefundisha watoto wake nyumbani mpaka wa mwisho, tukasalimiana, akaniona macho yamevimba akaniuliza mama kulikoni. Nikamweleza yote. Akaniuliza, "Huwa anasoma mbele ya nani?" Nikamwambia mbele yetu sote, kwenye ibada, zamu kwa zamu, wa kwanza dada yake halafu yeye. Yule mama akafunga bomba. Akasema, "Mwanangu, kila jioni mnamsimamisha mahakamani." Akanishauri mambo machache tu. Mwezi mzima asisome kwa sauti mbele ya mtu, mimi ndio nimsomee yeye kila siku, hadithi tamu, kidole changu kikitembea chini ya maneno, na nisimuulize hili neno gani. Akijaribu mwenyewe nisimsahihishe, ningoje. Tena macho yake yapimwe, na masikio, kabla sijasema ni uvivu. Kisha akanishika mikono tukaomba pale pale kwenye tope, sufuria zikiwa chini.

Nilirudi kwenye hema nikamwambia Baba Watoto, akakaa kimya muda mrefu, halafu akamwita kijana wake wakaenda wawili kutafuta kuni, sijui walichoongea na sikuuliza.

Kurudi tulimkalisha mbele. Macho tumeyapima wiki iliyofuata hospitali ya KCMC, moja linaona vizuri jingine hafifu, sasa hivi anavaa miwani na bado tunaendelea na hadithi za jioni, ni wiki ya sita. Lakini hilo lilikuja baadaye. Siku ile tumeshuka salama, breki zimepoa, tumepita Mkomazi tunaitafuta Hedaru, wenzake wamelala nyuma, mbele yetu kuna lori lenye maandishi nyuma linakwenda taratibu na Baba Watoto hataki kulipita, amelisogelea tu. Nikasikia sauti ndogo kutoka siti ya mbele, inakwama, inarudi, inakwama tena. "Mu... Mungu... ha... la... hala... li..." Nilitaka kumsaidia, nikajishika mdomo kwa mkono. Baba Watoto akapunguza mwendo kidogo, lori lisije likatupotea. "Halali. Mungu halali." Kisha akajisomea tena peke yake, bila kumwangalia mtu.