Shule bure Ujerumani? Niulizeni kwanza darasa la nne

Mdogo wangu kaniuliza kwenye grupu la familia: "Kaka, huko Munich shule bure, wanao si wameula? Nikuletee na wangu?" Haya, nijibu mbele ya wote.

Ada hakuna, kweli. Sare hakuna, viboko marufuku. Ila kumfundishia mtoto nyumbani hairuhusiwi, na ukimtoa siku mbili kabla ya likizo ili uwahi tiketi ya bei chee ya Dar, polisi wa uwanja wa ndege anaweza kuuliza kwa nini hayuko darasani. Faini hiyo.

Shughuli iko darasa la nne. Sisi tulichujwa la saba, ndevu zinachungulia. Hapa Bavaria, jimbo lenye Munich, mtoto wa miaka 10 anapewa ripoti mwezi Mei: Kijerumani, hesabu, na somo la jamii na mazingira. Wastani usiozidi 2.33, Gymnasium, sekondari ya njia ya chuo kikuu. Hadi 2.66, Realschule, sekondari ya kati. Ukizidi hapo, Mittelschule, sekondari ya ngazi ya chini. (Alama 1 ndiyo ya juu, 6 ndiyo mkia. Mama alipoona zile 1 za mjukuu wake akaniambia nimtafutie mtoto tuisheni.) Aliyekosa wastani anaweza kufanya majaribio ya siku tatu. Wageni hulegezewa kidogo, lakini mtoto anayejua kugawanya bado anakwama kwenye swali la hesabu la mistari mitano ya Kijerumani. Na masomo yakiisha mchana, nani akae naye kwenye kazi za nyumbani? Mimi natoka zamu usiku.

Elimu hapa ni ya majimbo, nayo yako 16, kila moja na lake. Berlin wanasubiri hadi darasa la sita. Kwingi mzazi ndiye mwenye kauli ya mwisho. Huku kwetu, hapana.

Ninachowaonea wivu ni ufundi. Kijana wa miaka 16 anajifunza umeme kwenye kampuni, siku moja au mbili za wiki yuko darasani, na kila mwezi analipwa. Akija kuwa fundi mkuu mwenye cheti, chuo kikuu kinampokea. Sisi VETA, vyuo vyetu vya ufundi, tunaisema kama adhabu ya waliofeli.

Sasa huyo wako, ambaye ni mwanangu pia, ana miaka tisa. Angekuwa na minne ningesema tuanze kuhangaikia viza. Kwa tisa atashuka kwenye ndege na kuingia moja kwa moja kwenye mchujo. Abaki Mbagala amalize. Ada ya muhula ujao niachie mimi, nitumie namba ya akaunti ya shule, siyo yako.