Maswali yenu ya wiki: springi ya lori, aiskrimu na laptop ndogo

Mkuu, hii "fezi fildi" mnayoitaja kila siku ni kitu gani hasa?

Ni njia ya kuiga kwenye kompyuta jinsi sehemu tofauti ndani ya kitu, kama chuma, zinavyojipanga na kubadilika. Chukua kipande cha springi ya lori kilichopoa polepole, king'arishe, kipake asidi kidogo, weka chini ya darubini, utaona mistari kama ya pundamilia, minene ni feriti laini, myembamba ni simentaiti ngumu yenye kaboni. Mistari hiyo huanza kujipanga chuma kikishuka chini ya nyuzi 727 za Selsiasi. Sasa kwenye kompyuta unagawa picha hiyo vijisanduku, kila kimoja kina namba, 0 feriti, 1 simentaiti, na pale mpakani namba inapanda taratibu toka 0 hadi 1. Hesabu zinasogeza namba tu, na ule mpaka wa feriti na simentaiti unatembea wenyewe, huna haja ya kuukimbiza. Msingi waliweka wanasayansi Cahn na Hilliard 1958, Allen na Cahn wakaongezea 1979.

Fundi wa mtaani anazamisha panga kwenye oili linatoka gumu, laptop ya nini?

Ya nini kweli, kwa panga haihitajiki! Yeye anasoma rangi ya moto. Ila blade ya injini ya ndege inakaa kwenye joto kali maelfu ya masaa, huwezi kungoja uone ndani kumebadilikaje, hapo ndo unaiga kwenye kompyuta.

Umeme ulikatika, aiskrimu ikawa na chengachenga kama mchanga. Jamaa kaniambia ni mambo yenu, kweli?

Kweli aisee. Joto likipanda fuwele ndogo za barafu zinayeyuka kwanza, umeme ukirudi maji yake yanagandia kwenye zile kubwa. Hata ndani ya aloi (mchanganyiko wa metali), chembe kubwa zinakula ndogo, na Lifshitz, Slyozov na Wagner walionyesha 1961 kwamba chembe ikishakolea kukua hivyo, kipenyo cha wastani kuongezeka mara 2 kunataka muda mara 8. Mimi modeli isiponipa hiyo siangalii rangi zake nzuri, natafuta kosa kwanza.

Nina laptop ya ram GB 4, naweza kuendesha hesabu hizo?

Mbili-D bila shida, anza na gridi ya vijisanduku 256 kwa 256. Tatu-D ndo balaa, mpaka halisi una unene kama nanomita 1, so mchemraba wa maikromita 1 tu ukiugawa kwa nanomita ni vijisanduku bilioni 1, ndo maana watu wanaunenepesha huo mpaka makusudi, ili vijisanduku viwe vikubwa na vichache. Na usiwe na haraka na hatua za muda (muda hesabu inaoruka kila mara), juzi niliziongeza ukubwa ili nikalale mapema, nimeamka skrini nzima NaN, yaani "si namba", hesabu imeharibika.