Asali inawanasa, maji ya sukari yanachacha: niwalishe nini sisimizi wangu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, naishi Soweto hapa Moshi. Mwaka jana masika yalipoanza niliokota malkia mmoja mkubwa aliyekwisha kudondosha mbawa, nikamweka kwenye tyubu ya kioo yenye maji na pamba. Sasa ana wafanyakazi kama 40, wekundu wa kuiva wenye tumbo jeusi, na wanatoka usiku tu. Nilikuwa nawapa asali. Wiki iliyopita nilikuta 7 wamenasa kwenye tone, wamekufa. Nikahamia maji ya sukari, nayo baada ya siku mbili yakachacha na pamba ikaota utando mweupe. Baba anasema niwape soda, dada anasema ndizi, na rafiki yangu anasema sukari ya kahawia ni bora kuliko nyeupe. Niwape nini? Na sukari nyingi haitawadhuru?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa hao 7. Katika kundi la 40 hiyo ni hasara kubwa, lakini umeieleza vizuri kiasi kwamba naona chanzo chake nikiwa huku Arusha. Kwa rangi hiyo na kwa tabia ya kutoka usiku, hao wanaelekea kuwa jamii ya Camponotus, na ndugu zao wamejaa kwenye nyumba na bustani zetu. Ni sisimizi wazuri kuanza nao, na ni walevi wa kitu kitamu.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo lililobeba mengine. Kwa sisimizi aliyekomaa, sukari si pipi. Ni ugali wake. Mfanyakazi haongezeki tena mwili. Anachohitaji ni nguvu ya kutembea, kubeba na kuchimba, na nguvu hiyo anaipata kwenye sukari. Protini ni ya mabuu wanaokua na ya malkia anayetaga. Mwaka 2012 kulichapishwa utafiti juu ya Lasius niger, sisimizi weusi wa bustani za Ulaya, na ukaonyesha kwamba wafanyakazi waliolishwa protini nyingi mno dhidi ya wanga walikufa mapema, na makundi yao yakaporomoka. Kwa hiyo hofu yako igeuze. Sukari safi ya kutosha haiwadhuru. Kinachodhuru ni uzito wake, uchakavu wake, na kile kilichochanganywa ndani yake bila wewe kujua.

Umbo lao linaeleza mengi. Tazama kile kiuno, chembamba kama uzi. Chakula kigumu hakipiti pale. Mdomoni kuna kifuko kidogo kinachochuja chembe, na kinachoshuka ni kioevu peke yake. Kikifika tumboni kinaingia kwanza kwenye mfuko ambao sisi wa fani tunauita tumbo la jamii, kwa sababu kilichomo si mali yake peke yake. Atakirudisha mdomoni tone kwa tone awape wenzake, na kidogo tu ndicho kitakachopita kwenda kwenye tumbo lake la kusagia.

Hili unaweza kuliona kwa macho yako usiku wa leo. Chukua kurunzi, ifunike kwa karatasi nyekundu ya plastiki, maana mwanga mwekundu hauwashtui sana. Weka tone dogo la maji ya sukari, ungoje. Wa kwanza atakayelipata atatulia, papasi zake, zile pembe mbili za kichwani, zikiwa zimeelekea mbele, na tumbo litaanza kujaa. Yale magamba meusi ya tumboni yataachana, katikati yake itaonekana ngozi nyembamba yenye rangi hafifu, mpaka tumbo liwe na mistari kama la pundamilia. Akirudi kwenye tyubu atakutana na mwenzake, watapapasana usoni haraka haraka, atafungua taya, na kitone kitang'aa katikati ya midomo yao miwili. Mistari hiyo ndiyo kipimo chako bora kuliko ratiba yoyote. Matumbo yakiwa na mistari, wameshiba. Yakiwa yamenywea na magamba yamepandana, wana njaa.

Usisahau upande wa pili wa jambo hilo. Chambo nyingi za kuulia sisimizi zimetengenezwa kwa maji ya sukari na boraksi kidogo, aina ya chumvi yenye sumu kwao, na zinafaulu kwa sababu hiyo hiyo: anayekunywa hufikisha sumu mpaka kwa malkia. Chochote unachoweka kwenye tone lako, umemnywesha malkia.

Sasa asali. Asali ya nyuki iliyoiva ina maji asilimia 17 hadi 20 hivi, iliyobaki karibu yote ni sukari. Uzito huo ndio unaoifanya isioze, na ndio uliowanasa hao 7. Sisimizi akikanyaga tone nene, miguu inashika, akijivuta papasi nazo zinashika. Ukiizimua kwa maji, hainasi tena, ila sasa chachu imepata mahali pa kuishi. Hapo ndipo ulipokwama: kizito hakichachi lakini kinaua kwa kunata, chepesi kinanyweka lakini kinaharibika. Hakuna sukari itakayokuondolea tatizo hilo. Linaondolewa na kiasi unachoweka na muda unaokiacha.

Chukua kijiko kimoja cha chai cha sukari, vijiko vitatu vya maji yaliyochemshwa yakapoa, koroga mpaka yaonekane safi. Hapo una kioevu chenye sukari kama asilimia 20 hivi, kisichozidi sana utamu wa nekta nyingi za maua. Usishawishike kuongeza. Watafiti waliopima Camponotus mus wa Amerika Kusini mwaka 1998 walikuta kwamba kasi ya kunywa hupanda mpaka sukari inapofika karibu asilimia 30, kisha hushuka, kwa sababu kioevu kinakuwa kizito kuvutwa. Ukitaka kuwapa asali, kwa sababu wanaipenda na ina harufu inayowavuta, tumia kipimo hicho hicho cha moja kwa tatu, na iwe mara moja moja. Asali ya nyuki wadogo wasiouma mimi siwapi kabisa. Ni nyepesi, ina uchachu wake tangu mwanzo, na ukiizimua inageuka haraka sana.

Utando mweupe ulikupata kwa sababu umeweka pamba kubwa iliyolowa, Moshi kuna joto, na ukaiacha. Sikulaumu, mimi mwenyewe niliwahi kupoteza kundi zima hivyo. Ilikuwa mwezi wa pili, nikasafiri siku nne nikiwa nimewaachia pamba iliyojaa maji ya asali ili wasipate njaa. Niliporudi ukungu ulikuwa umetoka kwenye pamba ukaingia kwenye kiota, mabuu wametupwa pembeni, malkia amekufa. Tangu siku hiyo naweka tone lisilozidi ukubwa wa punje ya mchele, juu ya kipande cha foili, ile karatasi ya fedha ya jikoni, jioni, na asubuhi nakitoa na kukitupa hata kama hakijaisha. Kwa 40 wako tone moja au mawili kila baada ya siku mbili yanatosha. Kundi likifika mia na zaidi, tumia kizibo cha soda chenye kipande kidogo cha pamba kilicholoweshwa, wasizame, na kibadilishe kila siku wakati wa joto. Mwezi wa saba kukiwa na baridi unaweza kukiacha siku mbili. Maji ya sukari yaliyobaki yaweke kwenye friji, na kama hakuna friji, tengeneza mapya kila mara. Ni kijiko kimoja tu.

Kuhusu kahawia na nyeupe, rafiki yako asikusumbue. Ile sukari ya rangi ya kahawia hafifu mnayotumia nyumbani, inayotoka kwenye mashamba ya miwa hapo Arusha Chini, inafaa kabisa. Imebaki na molasi kidogo, basi. Kilichomo ndani yake na ndani ya ile nyeupe ni sukrosi ile ile. Sukari guru siipendi kwa kazi hii kwa sababu ina takataka nyingi na pamba inachafuka upesi.

Soda mwambie baba asante, lakini hapana. Ile ya kawaida sisimizi watainywa na huenda wasife, ila ina tindikali, rangi na vihifadhi ambavyo hawavihitaji. Ile isiyo na sukari ni hatari ya aina nyingine. Vitamu bandia vingi havina nguvu yoyote kwa mdudu, na kimoja, erithritoli, kimeonyeshwa kuwa sumu. Mwaka 2014 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Drexel kule Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoanzia kwenye mradi wa shule wa mtoto: vinzi, wale nzi wadogo wa matunda, waliolishwa chakula chenye erithritoli waliishi chini ya wiki moja, wakati waliolishwa sukari za kawaida waliishi zaidi ya mwezi. Nakutajia mradi huo kwa makusudi, maana wewe nawe ni mwanafunzi na unajua kuhesabu.

Dada yako ana hoja nzuri zaidi. Ndizi iliyoiva sana, kipande cha ukubwa wa ukucha, wanaifyonza vizuri. Imenye, maana dawa za shambani na sokoni hukaa kwenye ganda, na itoe asubuhi kabla vinzi hawajaigundua. Vinzi wakishaingia kwenye sanduku wanamotoka sisimizi kula, kuwatoa ni kazi ya wiki nzima. Embe na papai ni vivyo hivyo. Juisi ya miwa ni karibu sawa na maji ya sukari niliyokueleza, tena wanaipenda mno, lakini mwambie muuzaji akukamulie bila ndimu na tangawizi, na uitumie jioni ile ile.

Ukitaka kujua huko nje wanakula nini, nenda kwenye kihamba chochote, yaani shamba la nyumbani la huko Kilimanjaro, ukaangalie mbuni, mti wa kahawa, ulioshambuliwa na wadudu magamba. Utaona foleni ya sisimizi inapanda na kushuka shinani. Wadudu wale hufyonza utomvu wa mti na kutoa nyuma kioevu kitamu, sisimizi wanakinywa na kwa malipo wanawafukuza maadui. Kinachobaki huangukia majani, na juu yake huota ule ukungu mweusi kama masizi unaowaudhi wakulima wa kahawa. Usikate tawi hilo ukalipeleka chumbani kwako. Mibuni hupuliziwa dawa.

Pamoja na sukari, mara mbili kwa wiki wape nyama: nzi mmoja uliyemuua kwa mkono, si kwa dawa ya kupuliza, au mguu wa panzi. Mabuu wakiwa wengi wafanyakazi wataimaliza haraka, na mabuu wasipokuwepo wataipuuza. Hilo lisikutie wasiwasi.

Haya yote ni ya Camponotus na jamaa zao. Siafu usijaribu kabisa kuwafuga. Wanaishi kwa kuwinda na kuhama. Nao sisimizi wavunaji wa mbugani, jamii ya Messor, hutafuna mbegu na kuzifanya kama unga uliokandwa, kwa hiyo wanapata wanga wao humo na tone la sukari ni nyongeza tu. Kama mtu atakuomba umtafutie malkia wa hao ili ampeleke nje ya nchi, kataa. Mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu wanne kwa kujaribu kuwatorosha malkia wa Messor cephalotes, na mmoja wao alikuwa Mkenya.

Usiku wa leo toa asali yote na ile pamba ya zamani, futa sakafu ya sanduku kwa maji ya moto bila sabuni, wewe mwenyewe ukiangalia hakuna aliyebaki hapo, kisha weka tone moja jipya. Kama mabuu wameshapata ukungu, yaani wana manyoya meupe juu ya ngozi, usivute tyubu kwa nguvu. Weka tyubu safi mpya mdomo kwa mdomo na ile ya zamani, ya zamani iache kwenye mwanga na mpya uifunike kwa kitambaa cheusi. Watahama wenyewe, na malkia watamvuta. Inaweza kuchukua siku 3 au 4. Waendelee kupata tone lao nje katika siku hizo.