Je, ALP ya juu ni dalili ya utumbo wenye kinga?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nauza dagaa Igombe, na kila alfajiri naingia majini kupokea mitumbwi. Nina miaka 41. Kipimo cha ini kimeonyesha ALP 190, wakati mwisho kwenye karatasi ni 120. Nimesoma kwamba ALP hutuliza uvimbe wa utumbo. Je, nifurahi?

JIBU: Marahaba. Ulichosoma ni kweli, ila hakihusu namba hiyo. Jina ALP (fosfatesi ya alkali) linabeba vimeng'enya zaidi ya kimoja. Kinacholinda utumbo hutengenezwa na seli za utumbo mwembamba kwa jeni ya ALPI, na hufanya kazi palepale ukutani, chakula na bakteria vinapopita. Cha kwenye damu ya mtu mzima kwa kawaida hutoka kwenye ini na mifupa, nacho kina jeni yake, ALPL.

Hicho cha utumbo kinafanya kazi ya ajabu. Bakteria wengi wa tumboni wamevaa ganda la lipopolisakaridi, ambalo sehemu yake ya mafuta imebeba fosfeti. Seli za kinga huitambua sehemu hiyo kwa kipokezi kiitwacho TLR4, na uvimbe unaanza. ALP ikishang'oa fosfeti, TLR4 haishtuki sana, na utumbo unaishi na bakteria wake bila vita. Huvunja pia ATP, molekuli ya nishati inayovuja kwenye seli zilizoumia, ambayo nayo huchochea uvimbe. Mwaka 2018 watafiti walieleza wagonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo waliozaliwa na hitilafu kwenye ALPI. Kimeng'enya hiki hakifanyi kazi bila zinki, na dagaa unaowauza wanayo.

Sasa hiyo 190. Ulitolewa damu ukiwa umekula? Mlo wa mafuta, tuseme sato wa kukaanga, huweza kupandisha kidogo ALP ya utumbo kwenye damu, hasa kwa wenye kundi la damu O au B. Rudia kipimo asubuhi kabla ya kula, na uombe GGT, kipimo cha kimeng'enya kingine cha ini. Nayo ikiwa juu, tunalitazama ini. Ikiwa sawa, tunafikiria mifupa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hayo maji ya alfajiri. Majini ndiko mtu huambukizwa kichocho cha tumbo. Mayai yake hukwama kwenye ini na kwenye ukuta wa utumbo, na ALP huweza kupanda. Peleka choo kikapimwe wiki hii. Kichocho kikionekana utapewa prazikwanteli kulingana na uzito wako. Ukitapika damu au macho yakiwa ya njano, nenda hospitali siku hiyohiyo.