Jumamosi ya baridi: anza na mbwa

Hapa Saint Paul, Minnesota, mwezi Desemba jua linachomoza karibu na saa 2 asubuhi, na ikifika saa 10 na nusu jioni limeshazama. Wenzangu mliohamia huku mkiwa na watoto na mbwa, ushauri wangu ni huu: kabla ya kumwahidi mtoto chochote siku hiyo, malizana na mbwa kwanza.

Wengi wetu tumezoea mbwa wa kufungwa mchana na kufunguliwa usiku, kazi yake kubweka. Wa huku analala sebuleni, na baridi ikimfungia ndani kutwa nzima anageuka mharibifu. Kumkimbiza nje mpaka achoke si dawa. Mbwa aliyefikirishwa dakika tano hutulia kuliko unavyodhani.

Mimi somo nalifanyia mlangoni, kabla hajala. Nashika punje za chakula chake kiganjani, namwambia "ngoja", nafungua mlango upana wa vidole viwili. Akichomoka, naufunga taratibu, bila kelele. Akibaki amekaa, anapata punje moja na mlango unaongezwa kidogo. Nimeanza na somo hili kwa sababu ngazi za nje zina barafu, na mbwa anayevuta kamba atakuvunja kiuno.

Kipimajoto kikishuka hadi sifuri ya Fahrenheit, yaani nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, tunatoka kwa haja tu na kurudi. Akianza kuinua mguu mmoja mmoja, ameumizwa na baridi au na chumvi inayomwagwa barabarani. Mkirudi, miguu yake ichovye kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na ukaushe katikati ya vidole, la sivyo chumvi yote ataimaliza kwa ulimi.

Hapo ndipo naruhusu televisheni. Majira haya tumepishana na Dar es Salaam kwa saa 9, kwa hiyo mechi ya saa 11 jioni kule, sisi tunaitazama saa 2 asubuhi na chai mkononi. Kwa shabiki wa Simba au Yanga, hii ndiyo faida pekee ya kuishi huku wakati wa baridi.

Kuhusu matembezi, twendeni Como, hapa hapa mjini. Bustani ya wanyama haina kiingilio, mtu anatoa mchango akipenda, na pembeni yake kuna jumba la vioo lililofunguliwa mwaka 1915. Ndani kuna joto na miti ya jamii ya minazi, hewa ina unyevu kama ya Tanga. Mbwa wa kufugwa haruhusiwi, ndiyo maana ilibidi atulizwe mapema. Anabaki kwenye kizimba chake na mfupa wa mpira.

Mtoto asifungwe mkanda wa kiti cha gari akiwa na koti nene. Gari likigonga, koti linabonyea na mkanda unabaki umelegea. Mvue koti, mkaze mkanda, kisha mfunike nalo kama blanketi. Atalalamika. Mwache alalamike.

Mchana ni zamu ya michezo. Viwanja vya barafu vya mitaani vingi vina chumba cha kupasha joto, na vingine vinaazimisha viatu vya kuteleza bure, kwa hiyo usikimbilie kununua vya mtoto ambaye mguu wake unakua kila uchao. Kama mbwa anaruhusiwa hapo, afungwe kamba.

Ila ziwa ni habari nyingine. Idara ya maliasili ya jimbo inapendekeza barafu angavu ya unene usiopungua inchi 4, kama sentimita 10, ndipo mtu atembee juu yake, na huwezi kujua unene huo kwa kutazama tu. Mbwa ambaye bado anaitwa mara tatu ndipo aje, asifunguliwe kamba karibu na ziwa, hata akulilie vipi. Akitumbukia, wa kwanza kumfuata atakuwa mtoto wako.